Kwenye Karatasi Nimekufa

Garsen, 3 Februari 2025

Kwa binti yangu Abdia,

Asalaam aleikum. Usianze kutafuta nani ameniandikia. Nimeandika mimi Dukicha Dhadho, kwa mkono wangu, na hakuna mtu amenishika kiwiko. Tangu mwaka jana naingia darasa la watu wazima pale shule ya msingi, Jumanne na Alhamisi. Tulianza wazee tisa, wanne wametoroka, mmoja alikaa miezi mitatu kwenye herufi M. Mwalimu ni madamu Zipporah, Mgiriama, mke wa yule fundi wa pampu. Alisema mbele ya wote, mzee Dukicha, kichwa chako hakijazeeka. Nikamwambia kichwa hiki kinakumbuka alama za masikio ya ng'ombe mia tatu, herufi ni kitu gani.

Ulisema maneno ya karatasi zako tusiyaseme kwenye simu. Nimetii. Ijumaa uliuliza mvua nikasema mvua, uliuliza mama nikasema mzima, kama watu wawili wanaosikilizwa na askari. Mimi siogopi simu, lakini wewe umesema. Basi ndiyo hii barua.

Nimesikia umepeleka maombi ya uraia wa Kanada na utaitwa mahojiano. Habari hiyo niliifikisha soko la mifugo siku hiyo hiyo. Nilisimama pale wanapopakilia ng'ombe kwenye lori nikawaambia madalali, leo mnaongea na baba wa raia wa Kanada, panguseni midomo kwanza. Yule Galma wa upande wa Tarasaa akasema, "Huyo binti akikuletea hata kofia tutaamini." Nikamuuliza, wewe binti yako amefika wapi, Malindi? Watu walicheka mpaka dalali mmoja akaangusha fimbo yake.

Sasa sikia. Mimi serikali naijua. Serikali kabla ya kukupa kitu inauliza huyu ni mtoto wa nani. Kitambulisho changu nilipata kwa sababu mzee wangu alisimama mbele ya D.C. akataja baba zake saba bila kumeza mate. Kwa hivyo nimeanza barua kwa hao wakubwa wa uraia. Nawaambia Abdia si mtoto wa kuokotwa, ni binti wa Dukicha, wa Dhadho, wa Godana, wa Jilo, wa Bonaya, na visima vyetu tulichimba kabla mzungu hajaujua mto huu. Nawaambia pia akili niliyotumia mwaka wa ukame, nilivyokupeleka kambini ukasome, nikakuandikisha kwa jina la mtoto wa Bishara, wakati wazee wengine wamekaa wanatazama mizoga. Wakisoma watajua umetoka kwenye nyumba ya watu wenye akili. Madamu ataiweka Kiingereza na kutafuta anwani.

Mama yako Qabale anakusalimu. Anasema vaa soksi.

Ni mimi baba yako,
Dukicha Dhadho Godana

*

Winipegi, 24 Februari 2025

Aba,

Waleikum salaam. Barua yako imefika leo, siku ishirini na moja njiani. Nilipoona mwandiko wako nililia kwa furaha mpaka nilipogeuza ukurasa. Kisha nilikaa chini sakafuni, jikoni, na barua mkononi, chai ikachemka ikamwagika.

Tafadhali soma hii polepole, na ukikwama mahali usimpe mtu akusomee. Ikunje, usubiri, urudie.

Huku hakuna Abdia. Mimi ni Nimo Jibril. Kwenye karatasi nimezaliwa Somalia, mama yangu ni Bishara, na baba yangu Jibril aliuawa vitani. Nimo wa kweli alikufa kambini kwa homa, na Bishara akamzika bila kumwambia mtu ili kadi ya chakula isikatwe. Wenye kambi walipokuja na mashine ya kuhesabu watu, walitaka vidole vya Nimo, na wewe ukapeleka vyangu. Wewe unaita akili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilidhani nitarudi nyumbani jioni ile. Kutoka siku hiyo kila karatasi yangu imezaa nyingine, mpaka nikapandishwa ndege na Bishara, mpaka leo.

Wakijua, hawataninyima uraia tu. Wanaweza kuninyang'anya hata ruhusa ya kukaa. Nitapelekwa wapi? Somalia sijawahi kukanyaga. Kenya vidole vyangu viko kwenye mashine ya wakimbizi. Unamjua mtoto wa shangazi pale Bangale, ambaye naye mama yake alimwandikisha kambini wakati wa njaa. Ameomba kitambulisho mara nne, na mara nne mashine inasema yeye si Mkenya, mpaka leo hana laini ya simu ya jina lake. Yeye angalau yuko kwao. Mimi nitakuwa mtu asiye na mahali pa kuteremshwa.

Mahojiano ni tarehe 12 Mei. Ofisa atauliza majina ya wazazi wangu, na mimi nitamtazama usoni niseme Jibril, marehemu. Nafanya mazoezi mbele ya kioo. Jana sauti ilikatika katikati ya jina.

Ile barua usiitume, Aba. Na sokoni usinitaje tena. Kuna watu wa Garsen na Bura katika mji huu, wanaongea na kwao kila siku. Mmoja tu akinikasirikia anatosha. Laini yangu ya simu nimeibadilisha, na namba mpya sitakupa mpaka mahojiano yapite. Usihangaike kupiga.

Kwa hawa watu wewe umekufa. Najua neno hili ni zito kwa mtu kama wewe. Naomba ukae umekufa mpaka Mei.

Mwanao, jina sitaliandika

*

Garsen, 18 Machi 2025

Kwa mwanangu,

Barua yako imefika jana. Nimeisoma mara tatu.

Mara ya kwanza nilikasirika. Mtu mzima na ndevu zake kuambiwa akae amekufa. Mimi nimesimama na nyati uso kwa uso pale chini ya Idsowe, nimevuka Tana imefurika na ndama shingoni, sikufa, leo karatasi iniue? Na Jibril namkumbuka. Alikuwa mnunuzi wa ng'ombe, mtu mfupi mwenye kikohozi, dume akitikisa kichwa yeye yuko nyuma ya lori. Huyo ndiye wamekupa baba.

Mara ya pili nilifika pale unapouliza utapelekwa wapi. Hapo nikakaa chini.

Mara ya tatu sikumaliza, kwa sababu nilikuwa nahesabu siku kwa vidole. Mwanangu, ile barua niliimaliza. Kurasa nne. Nilimpa madamu Zipporah tarehe 26 Februari, na jioni yake akaniambia, mzee, imetoka. Yako ilikuwa bado iko njiani.

Nilikwenda kwa karani wa shule nikamuuliza barua ikishatoka inaitwaje irudi. Akacheka, akasema, "Mzee, ile si mbuzi." Nikamuuliza itafika lini, akasema mwezi wa nne au hata ule unaofuata, Mungu akipenda. Nikamwambia Mungu asipende. Akanitazama kama mtu aliyekunywa. Madamu mwenyewe yuko Kaloleni kwenye matanga ya mama yake na simu yake haishiki. Namba yako ya zamani nilipiga hata hivyo. Mwanamke wa Kizungu ananiambia maneno yale yale kila mara, nilimjibu mara mbili ndipo nikajua ni mashine.

Basi nilifanya lililobaki. Leo asubuhi ilikuwa mnada. Nilisimama pale pale penye lori nikasema nina neno. Wakasogea karibu, wakidhani ni habari mpya ya kujisifu. Nikasema, ile habari ya binti yangu wa Kanada ilikuwa uongo. Sina binti Kanada. Niliyekuwa naye alikufa mwaka ule wa ukame.

Galma akasema, "Mzee Dukicha, kwa hivyo mwaka mzima umetulisha upepo?" Nikasema si mwaka, ni miaka kumi na moja. Waliocheka walicheka, lakini wengine walitazama chini na hilo liliniuma zaidi. Sasa jina langu pale ni Mzee Kanada. Hata muuza kahawa ameniuliza, Mzee Kanada, barafu imeyeyuka? Kutoka hapo nikaenda kwa chifu nikamwambia vile vile, binti yangu Abdia ni marehemu, mtu akija kuuliza ajibiwe hivyo.

Mama yako aliisikia penye bomba la maji kabla mimi sijafika nyumbani. Alirudi na mtungi mtupu, akasimama mlangoni. "Nani amekupa ruhusa ya kumzika mwanangu?" Sikuweza kumweleza kwa sababu wanawake wa jirani walikuwa nyuma yake wamekuja na pole zao. Chai nimejichemshia, nimeiunguza.

Mimi nimefanya nilichoweza hapa. Huko kwenu sina mkono.

Dukicha

*

Garsen, 3 Aprili 2025

Kwa Abdia,

Habari za huko. Hunijui. Mimi ni Zipporah Mramba, mwalimu wa baba yako. Anwani yako nimeipata nyuma ya bahasha yako ya zamani aliyokuja nayo darasani siku moja mwaka jana, alikuwa anawaonyesha wenzake stempu.

Nakuandikia haraka kabla gari la barua halijaondoka. Ile barua ya mzee kwa watu wa uraia sikuituma. Nilianza kuiweka Kiingereza, na nilipofika ukurasa wa pili nikaweka kalamu chini. Nilimwambia imetoka kwa sababu ningekataa angeipeleka mwenyewe mpaka Malindi, wewe unamjua kuliko mimi. Nilitaka nimweleze taratibu baada ya darasa, kisha nikaitwa, mama yangu amefariki. Nikasafiri nikiwa na msiba wangu na hili likanitoka kichwani. Nisamehe.

Nimerudi jana. Nimemkuta mzee amekonda, shati linamning'inia, na watoto wa sokoni wanamfuata wakimwita Kanada. Nilipomtolea ile bahasha aliishika kwa mikono yote miwili, akaigeuza, akachungulia kama kurasa zake nne bado zimo ndani. Nilidhani atanitukana. Akasema, "Madamu, nimejiua sokoni bure." Kisha akaniomba nisimwambie mtu kwamba alikaa chini.

Kwa hivyo pumzika, dada. Hakuna aliyewaandikia chochote. Nenda mahojiano yako. Bahasha tumeichoma jikoni kwangu, mzee akisimamia.

Ni mimi,
Zipporah

*

Winipegi, 25 Aprili 2025

Aba,

Barua ya mwalimu wako imefika jana. Niliisoma nikiwa nimesimama kwenye ngazi, nikacheka peke yangu mpaka jirani akafungua mlango kuona kuna nini. Nikamwambia ni habari njema kutoka nyumbani. Mbona unalia, akauliza.

Imechelewa siku kumi. Nimeshasema.

Barua yako ilifika tarehe 8. Nilihesabu, na kwa hesabu yangu kurasa zako nne zilikuwa tayari mezani kwa mtu. Kazini, pale nyumba ya wazee ninapofanya, kila bahasha iliyopita mbele ya macho yangu niliona mwandiko wako juu yake. Bibi mmoja ninayemwogesha aliniambia mikono yangu imekuwa ya baridi. Siku ya tano nilikwenda kwa wakili, mwanamke mzee, nikamwambia yote na miguu imekunjwa chini ya kiti kama nilivyokaa kambini. Alisema wakilisikia kwa mtu mwingine kwanza, mimi ni mwongo. Nikienda mwenyewe, basi lile la kwanza alitendewa mtoto, ingawa sahihi za baadaye ni za mtu mzima na hizo ni zangu. Hakuniahidi kitu. Alisema naweza kupoteza kila nilicho nacho. Tarehe 14 tuliwaandikia. Mahojiano ya Mei wameyafuta, wamefungua jalada jingine.

Bishara nilimwambia kabla. Sikutaka alisikie kwa barua. Alikuwa anakata vitunguu na hakuacha kukata. "Nilikupa jina la mwanangu," akasema, "umelivaa miaka kumi na nne, sasa unakwenda kulivua mbele ya serikali." Nikasema, Mama, barua iko njiani. Akasema, "Ya baba yako. Kila siku ya baba yako." Jioni nilikuta viatu vyangu nje ya mlango wake, vimepangwa vizuri. Yeye alipata uraia mwaka juzi, na wakili anasema huenda naye akaitwa. Yule mwanamke amenilea. Usiku wa homa zangu zote alikuwa yeye. Nikiona barua yake imeletwa kimakosa kwangu sijui nitabisha hodi vipi kwake.

Aba, sasa nahitaji usiwe umekufa. Jalada langu linangoja vitu vitatu kabla ya tarehe 30 Juni. Barua ya chifu kwamba mimi ni Abdia binti Dukicha. Mzee mmoja asiye wa ukoo wetu anayenijua. Na maelezo ya mtu aliyenipeleka kambini, yenye sahihi yake. Wakili amesema wakiamini kwamba mtoto aliamrishwa, kuna mlango. Wasipoamini, nitakuwa yule yule asiye na mahali pa kuteremshwa. Amesema iwe fupi, iwe kweli, na mzee asijisifu. Nilimwambia hajui anachoomba.

Na mimi nina ombi langu. Usiandike kwamba ulinipeleka nikasome kama haikuwa hivyo. Sikulaumu, sijui ilikuwaje. Kwetu sisi wawili habari hii imesimuliwa na wewe peke yako. Mimi ninachokumbuka ni njia tu, vumbi la Bangale, na wewe ukitembea mbele unaongea.

Abdia

*

Garsen, 27 Mei 2025

Abdia,

Barua yako ilinifikia tarehe 19. Karatasi ziko ndani ya bahasha hii, zote tatu. Zimechukua siku nane na nitakuambia kwa nini.

Nilikwenda kwa chifu peke yangu kwanza. Akavua miwani. "Mzee Dukicha, mwezi wa tatu umesimama hapo hapo ukaniambia binti yako ni marehemu. Leo yuko hai. Kesho atakuwa nani?" Nikasema Machi nilidanganya. Akasema, "Na kabla ya Machi?" Nikasema kabla ya Machi nilikuwa nasema kweli. "Sasa wewe ukisema leo unasema kweli, mimi nishike ipi?" Akasema hawezi kutia muhuri wa serikali juu ya mdomo wangu, nilete mtu.

Nilikwenda kwa watu watano. Wa kwanza alisema, "Mzee Kanada, tuache tupumzike." Wa pili alidhani ni mzaha, akacheka kabla sijamaliza. Wengine walisema hawataki kuapa halafu wiki ijayo nibadilishe. Kila mmoja nilimwambia wallahi, na wallahi yangu imekuwa nyepesi, wanaipima mkononi wanaona haina kitu. Siku ya sita nilianza kuogopa kweli. Niliona tarehe 30 inakuja na mimi ndiye niliyekufungia mlango kwa mdomo wangu mwenyewe, mara ya pili.

Mama yako ndiye aliyekwenda kwa Galma. Hakuniambia. Asubuhi nikamwona Galma anakuja, na Qabale mbele yake amevaa viatu. Tukaenda kwa chifu sote watatu. Galma akasema hivi, nakuandikia kama alivyosema.

"Chifu, maneno ya huyu mzee mimi siyachukui, ya Machi wala ya leo. Lakini ng'ombe wake nawajua. Kwetu mtoto siku anaponyolewa nywele za kwanza hutengewa mtamba, na uzao wake wote ni wa mtoto huyo. Siku Abdia alinyolewa nilikuwepo, nilikula. Mtamba alikuwa mwekundu wa kipaji cheupe. Mwaka wa ukame walikufa wote wakabaki saba, na yule alikuwa mmoja wa saba. Leo wazao wake ni kumi na nne. Mwaka jana nilimtaka dume mmoja wa kipaji, nikapandisha bei mpaka nikajionea haya. Mzee akakataa. Akasema huyu si wangu, mwenyewe hayupo. Huyu mzee kwa maneno anaweza kumuua mtu na kumfufua. Lakini ng'ombe wa marehemu wanagawanywa, hakuna mtu hapa amegawa hao ng'ombe, na hilo soko zima linalijua."

Chifu akamuuliza Qabale, mama, huyu mtoto ulimzaa? Mama yako akasema, "Nimekuja kwa miguu kujibu hilo?" Basi akaandika, akapiga muhuri, Galma akaweka sahihi yake, ina mkia mrefu kuliko jina.

Nilimshukuru Galma. Akasema usinishukuru, dume bado namtaka.

Kuhusu maelezo yangu, nimeyaandika mara nne. Mara tatu madamu alinirudishia, akasema, mzee, hapa umeanza tena. Ya nne aliisoma mpaka mwisho, akatoka nje. Mama yako nimemsomea kabla ya kuitia kwenye bahasha, kwa sababu kuna neno ndani hakuwa analijua. Yuko uani, ameketi. Nangoja aingie.

Kama na wewe ukisoma hutataka kuniandikia tena, nitajua barua imefika.

Baba yako,
Dukicha

*

MAELEZO
Kwa wakubwa wa uraia wa Kanada
Garsen, 26 Mei 2025

Mimi ni Dukicha Dhadho Godana, mchungaji, nimezaliwa Tana River, naishi Garsen. Nimeandika kwa mkono wangu. Mwalimu amenyoosha herufi, maneno hajayagusa.

Mwaka 2011 ng'ombe wetu walikufa. Nyumbani kulikuwa na mabinti wawili na mama yao, na tulikuwa tunakula mara moja kwa siku, siku nyingine hapana. Bishara, mjane wa Jibril aliyekuwa akinunua ng'ombe wangu, alinitumia neno. Alisema kambini kuna siku ya kuhesabiwa, mtoto wake Nimo amekufa, na akipata msichana wa kuweka vidole atanipa unga na mafuta. Hakusema shule. Habari ya shule niliitunga mimi baadaye na nikaizoea.

Nilimchagua Abdia kwa sababu alikuwa urefu mmoja na marehemu. Bishara alituma uzi wa kipimo. Niliwapima wote wawili wakiwa wamelala, yule mwingine alikuwa mfupi. Mama yao hakujua. Nilimwambia nampeleka Abdia Bangale kwa shangazi yake.

Kutoka Bangale nilimfundisha njiani. Namuuliza, jina lako nani, aseme Nimo. Baba yako nani, aseme Jibril. Yuko wapi, aseme amekufa. Mara ya kwanza alisema, lakini Aba, uko hapa. Nilimchapa. Mara ya pili alisema vile vile, nikamchapa tena. Mara ya tatu alisema amekufa, na hakunitazama. Alikuwa na miaka kumi na moja.

Penye mashine nilisimama kama mjomba. Alikunja kidole. Mimi ndiye niliyekinyoosha.

Nilipewa nusu gunia la unga na dumu la mafuta. Nilimwambia nitamfuata baada ya mvua. Mvua ilinyesha. Sikumfuata kwa sababu kule alikuwa anakula, na kwa sababu mtu angeniuliza. Mwaka 2014 walipopelekwa uwanja wa ndege Bishara alinitumia habari ya siku na saa ya basi. Niliwaambia watu wa nyumbani nina homa. Sikuwa na homa. Nilikaa machungani mpaka saa ya basi ikapita.

Yeye hakudanganya. Alisema alichofundishwa na mimi, na kila alichoandika baadaye kilikuwa kimeanzia hapo. Bishara naye alikuwa na njaa. Kama kuna wa kuadhibiwa, jina langu liko juu na nyumba yangu chifu anaijua.

Chifu ameniuliza kama naelewa kwamba kwa maneno haya naweza kushtakiwa. Nimesema naelewa. Ameniuliza kama naogopa. Naogopa.

Mkimkubali, mwandikeni Abdia Dukicha. Msipomkubali msimpeleke Somalia, yeye hana mtu huko. Mleteni Garsen. Basi la kutoka Malindi linasimama pale penye kituo cha mafuta kabla ya adhuhuri. Niambieni siku tu. Nitakuwa hapo tangu alfajiri.

Dukicha Dhadho Godana, baba yake